Profesa Aliyeuogopa Mlima

Majirani wa Njoro walimjua Profesa Eunike Mshiu kama mama mstaafu mpole, anayefagia uwanja wake mwenyewe na kumwagilia sukumawiki jioni. Kitu kimoja tu kiliwashinda kuelewa: kwa nini amejenga pale. Mchaga mwenye cheo kama chake hujenga nyumbani, juu mlimani, kwenye kihamba, shamba la urithi la wazazi, hata kama atalala humo Krismasi tu. Yeye alinunua kiwanja tambarare mjini Moshi, mahali ambapo ukimwaga ndoo ya maji hayajui yaelekee wapi. Alipoulizwa, alijibu kwamba magoti yanamsumbua na baridi ya juu haimfai tena. Alikuwa akidanganya. Magoti yake yalikuwa mazima. Profesa aliuogopa mlima.

Hofu hiyo ilimwingia akiwa na miaka saba. Ilikuwa masika, mvua imenyesha mpaka kuni zikakataa kuwaka, na mama yake alimtuma ampelekee bibi maziwa. Bibi alikaa ng'ambo ya korongo pamoja na Mary, dada mkubwa wa Eunike, aliyepelekwa huko amsaidie kazi. Eunike alipofika ukingoni alimwona Mary amesimama uwanjani kwa bibi, akimpungia mkono na kumwonyesha mahali pa kuvukia. Mara ikasikika sauti kama ya kitambaa kizito kinachochanwa. Kisha migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba ikaanza kutembea.

Haikuanguka. Ilishuka ikiwa wima, na mikungu yake, imesongamana, kama watu wanaotoka ibadani. Ikaipita nyumba, ikaupita uwanja, ikaingia korongoni. Ilipotulia, hapakuwa na nyumba wala uwanja, palikuwa na tope jekundu linalofuka mvuke. Eunike alibaki ameshika kibuyu cha maziwa. Hakulia wala kupiga kelele. Watu walipomkuta walilazimika kumfumbua vidole kimoja kimoja.

Bibi alipatikana, akazikwa. Mary hakupatikana. Na tangu siku ile jina la Mary halikutajwa tena nyumbani kwao. Mama hakulitaja, baba hakulitaja, na mdogo wao Jesse, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, alikua akiamini kwamba dada yake ni mmoja tu. Hakuna aliyemuuliza Eunike aliona nini. Naye hakusema.

Alikua mtoto mkimya aliyeshika hesabu haraka kuliko wenzake. Mvua ikinyesha darasani, walimu walimwona ameacha kuandika na kugeuza kichwa kuelekea dirisha la upande wa juu. Alifaulu, akaenda sekondari ya wasichana, akafaulu tena, na akachaguliwa kusomea uhandisi Dar es Salaam wakati ambapo darasa zima lilikuwa na wasichana wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baba yake alimsindikiza stendi na kumwambia, "Ujenge madaraja, mwanangu." Eunike akaitikia, ingawa hakuwa na haja na madaraja. Jambo zuri la Dar lilikuwa moja tu machoni pake: hapakuwa na mlima.

Mwaka wa pili mhadhiri mmoja aliingia darasani na bonge la udongo na chupa ya maji. Akaeleza kwamba udongo unashikana kwa sababu chembe zake zimeegemeana, na kwamba maji yakiingia katikati yake na kukosa pa kutokea, yanazisukuma zile chembe mpaka zinaachana. "Kwa nje hutaona kitu," alisema. "Majani yanabaki ya kijani. Mteremko unaonekana kama jana. Lakini ndani umeshakuwa uji." Akamimina maji, na lile bonge likateleza mezani polepole, likiwa bado na umbo lake.

Eunike alitoka nje akaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amemweleza kilichompata Mary. Aliporudi darasani alikuwa ameshakata shauri atasomea nini maisha yake yote.

Yaliyofuata wengi wangeyaita mafanikio. Alipata ufadhili wa kwenda Norway, nchi yenye milima mingi kuliko alivyotamani, akasomea udongo kwa miaka kadhaa na kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu udongo mwekundu wa volkano unaponyeshewa mfululizo. Alirudi akawa mhadhiri, halafu mhadhiri mwandamizi, halafu profesa mshiriki, halafu profesa kamili. Wanafunzi walimwita Mama Udongo, na walipenda kusimuliana jinsi anavyofika kijiji chochote cha milimani kwa utafiti: kabla hajanawa mikono wala kunywa chai, anapanda kwanza juu ya nyumba atakayolala na kukagua ardhi. Waliona ni bidii. Mume wake, marehemu Martin, ndiye pekee aliyejua kwamba baada ya kukagua bado halali. "Unafundisha nini hao watoto," alimtania siku moja, "uhandisi au woga?" Eunike alifikiri kidogo, kisha akamjibu kwamba haoni tofauti kubwa.

Karibu na mwisho wa utumishi wake yalimkuta ya kumkuta. Aliitwa kwenye wilaya moja ya milimani, mbali na kwao, akaona nyufa juu ya kijiji, akashauri watu wahame mara moja. Walihama. Walilala kwenye madarasa na watoto wao, kwenye baridi, na wezi wakapata nafasi ya kuingia majumbani na mashambani na kuvuna kahawa yao. Mvua ikakatika. Mteremko haukusogea hata unyayo. Watu walirudi kwenye nyumba zilizokombwa, na mwanamke mmoja akamfuata Eunike kwenye gari, akamtazama, akamwambia taratibu, "Mama, wewe ulituogopesha. Sasa utatufanyia nini?" Kuanzia hapo hofu yake ikawa mbili. Aliogopa mlima, na aliogopa kusema kwamba mlima unakuja.

Alistaafu akiwa na hofu hizo zote mbili, akajenga Njoro.

Jesse, mdogo wake, ndiye aliyebaki kwenye kihamba, kwenye nyumba ya baba. Alikuwa mtu wa ng'ombe na kahawa, mwenye kicheko kikubwa, na aliumia kwamba dada yake hawezi kulala kwake hata siku moja. Eunike alikuwa akipanda asubuhi, anakula mtori wa ndizi, anacheka na wifi yake Elisifa, na saa kumi haijafika ameshika mkoba. Lakini masika moja Jesse alimpigia simu. Mjukuu wake, Brenda, alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na sherehe ingekuwa pale pale kihambani. "Dada, hii usinikwepe," alisema. "Uje Jumamosi, ulale. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Watu watasema nini profesa akija kama mgeni?"

Mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku. Eunike alipiga moyo konde akapanda.

Alimkuta Jesse anasimamisha maturubai, viti vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye zizi, na mbuzi wamefungwa chini ya mparachichi. "Shikamoo dada! Leo umekuja kweli!" Elisifa alimkumbatia, akamvuta jikoni kwa chai. Hapo ndipo Eunike alipoona kitu cha kwanza. Mlango wa jikoni haukufungika. Elisifa aliusukuma kwa kiuno, ukagoma.

"Umevimba kwa mvua," alisema.

Eunike aliukagua. Mbao hazikuwa zimevimba. Fremu ndiyo iliyolala upande.

Aliweka kikombe chini bila kunywa, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Alipanda kihambani katikati ya kahawa na migomba, akishika mashina. Juu kabisa ulipita mfongo, mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka msituni. Ulikuwa umejaa hadi mdomoni, maji yanakimbia. Aliufuata kuelekea upande wa pili wa kihamba, na baada ya vichaka vichache akasimama. Mfongo ulikuwa mtupu. Maji hayakumwagika pembeni, wala hapakuwa na aliyeyafungulia shambani. Yalifika kwenye ufa uliojificha chini ya majani makavu, ufa ambao ungeingiza mkono mpaka kiwikoni, yakaingia humo kimya kimya, yote, mchana na usiku, chini ya nyumba ya baba yake.

Kilichomtisha zaidi ni utulivu wa mahali pale. Ndege walikuwa wakiimba, na chini kule alimsikia Jesse akicheka na mafundi wa maturubai.

Alipoteremka alimvuta mdogo wake nyuma ya zizi.

"Jesse, wageni wasikae hapa kesho. Na ninyi msilale hapa leo."

Jesse alimtazama, tabasamu likaanza kufifia. "Dada, umeanza."

"Mfongo umepasuka. Maji yote yanaingia chini."

"Tutauziba. Nitawaita vijana sasa hivi, tutie mawe na udongo."

"Yaliyokwisha kuingia utayatoaje?"

"Kihamba hiki kina nyufa tangu enzi za babu," Jesse alisema, akishusha sauti ili mafundi wasisikie. "Kila masika zinafunguka, kila kiangazi zinaziba. Na wewe dada, samahani, si ulihamisha watu kule wakaibiwa kila kitu? Mlima ukatulia tuli? Unataka nimwambie nini mchungaji? Nimwambie nini Brenda?"

Maneno hayo yalimchoma mahali palipokuwa na kidonda tayari. Alijiona akirudi jikoni, anakunywa chai yake, anajiambia kwamba huenda Jesse yuko sahihi. Ingekuwa rahisi. Mteremko unaweza kukaa hivyo wiki, unaweza kukaa mwaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi kwamba siku hasa haijulikani. Akainua macho, akaona migomba ya nyuma ya nyumba imesimama wima, imesongamana, mikungu imening'inia.

"Jesse," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Ulikuwa na dada mwingine. Aliitwa Mary."

Alimsimulia pale pale, nyuma ya zizi, wamesimama kwenye tope. Alisimulia yote, maziwa, mkono uliopungwa, sauti ya kitambaa, migomba inayotembea. Hakuwahi kumsimulia mtu hata mmoja, hata Martin alijua nusu tu. Jesse alisikiliza kinywa wazi. Hakuuliza chochote kuhusu udongo wala mfongo. Alitazama mikono ya dada yake, jinsi inavyotetemeka mpaka bangili zinalia, akaishika yote miwili.

"Siamini kwamba patabomoka," alisema mwishowe. "Lakini siwezi kukuacha hivi. Twende kwa mchungaji."

Mchungaji Isack hakubisha sana. Alikuwa na uwanja mpana kando ya kanisa, juu ya mgongo wa kilima, na Eunike alimhakikishia kwamba chini pale kuna mwamba. Alipotamka neno "salama" shaka ilimwingia. Ingekuwaje kama amekosea upande? Alizunguka kanisa lile mpaka giza likaingia, akipiga mawe kwa kisigino, huku maturubai yakihamishwa na watu wakinung'unika kwamba profesa ameharibu shughuli ya watu. Ile nyumba ya Jesse ililala tupu. Familia ilijibana kwa mchungaji. Elisifa hakumsemesha wifi yake.

Jumapili ibada ilikwenda vizuri. Brenda alipita mbele na gauni jeupe, kwaya ikaimba, na sherehe ikaanza uwanjani chini ya mawingu mazito. Pombe ya mbege ilipozunguka, watu walianza kusahau manung'uniko, wengine wakageuza jambo lenyewe kuwa utani. "Tuonyeshe basi hilo poromoko, Mama Udongo," mzee mmoja alisema, na meza nzima ikavunjika mbavu. Eunike alitabasamu. Kisha akatupa macho kwenye kiti cha Jesse, akakikuta kitupu.

"Jesse yuko wapi?"

"Amekwenda kumwona ng'ombe," Elisifa alijibu bila kumtazama. "Yule mwenye mimba ameanza kuhangaika tangu asubuhi. Tulimwacha zizini."

Eunike hakukumbuka baadaye jinsi alivyoshuka ile njia. Alikumbuka kwamba alipoteza kiatu kimoja, na kwamba mvua ilianza akiwa katikati. Alipofika mwanzo wa kihamba alisimama. Mwili mzima ulikataa kuingia, kama punda mbele ya daraja. Alimwona Jesse ndani ya zizi, amepiga magoti, mkono mmoja mgongoni kwa ng'ombe.

"Jesse! Toka!"

"Ndama anatoka, dada! Subiri kidogo!"

Hapo akaisikia ile sauti ya kitambaa kizito.

Aliyekimbia kwenda zizini hakuwa Profesa Mshiu, kwa sababu profesa alijua vizuri kwamba mtu hakimbilii ndani. Alimkamata mdogo wake kwa kola ya shati la suti, akamvuta. Jesse akapinga mara moja tu, kisha akaona juu. Kahawa yote ya juu ilikuwa inakuja, mstari kwa mstari, bila haraka. Walikimbia kwa upande, si kushuka, Eunike akipiga kelele "Upande! Upande!" Walianguka kwenye isale, mimea ya mpakani mwa jirani, na kuzikumbatia. Ardhi ilitetemeka chini ya matumbo yao. Nyuma yao jiko lilikunjika kama boksi, likafuatia zizi, na sauti ya ng'ombe ikakatika katikati. Nyumba ya baba ilizunguka kidogo, kama mtu anayegeuka kutazama nani amemwita, halafu ikaenda.

Ilipotulia, mvua iliendelea kunyesha kama kawaida. Jesse alikuwa amelala kifudifudi, akilia kwa sauti ya mtoto, na Eunike amemlalia mgongoni, hawezi kumwachia. Waliowafuata kutoka kanisani waliwakuta hivyo. Yule mzee wa mbege alivua kofia, akasimama nayo kwenye mvua.

Hakufa mtu. Lile tope liliingia korongoni, likaziba mto, na mto ulipojifungua ulishuka na magogo na mawe mpaka Mabogini, tambarare kule chini, ukazika majaruba ya mpunga ya watu ambao hawajawahi kusikia habari za Jesse. Eunike alikwenda kuyaona, akasimama kwenye tuta na wakulima waliokuwa wakiokota mashina ya kahawa ndani ya mpunga wao. Hakuwa amewafikiria hata kidogo. Alirudi nyumbani akaumwa siku kadhaa.

Watu walipoanza kumwamini, ndipo alipopata taabu mpya. Walikuja Njoro kutoka kila upande wa mlima, wakakaa kwenye benchi la uwanjani: Mama, kwetu juu kuna ufa. Mama, chemchemi yetu imechafuka. Abasi, fundi makenika wa Majengo, alikuwa amenunua kiwanja bondeni na alitaka kusikia neno moja tu. "Niambie ni salama, mama, nikajenge." Eunike alimtazama, akakumbuka yule mwanamke kwenye gari, akakumbuka pia Mabogini. "Sijui," alisema. "Nipeleke nikaone." Akavaa buti. Hivyo ndivyo alivyoanza kupanda tena, wiki baada ya wiki, na kila mara aliposhuka kwenye gari mikono ilitetemeka, naye aliificha mifukoni mwa koti.

Kiangazi kilipofika, Jesse alimpeleka kwenye kovu jekundu lililokuwa kihamba. Alikuwa na kamba na vigingi.

"Nionyeshe pa kuweka msingi, dada. Popote utakaposema."

Alizunguka kutwa nzima. Alitaka sana pawepo. Jua lilipoanza kuelekea Mlima Meru alirudi alipokaa Jesse, juu ya jiwe, vigingi mapajani.

"Hapana mahali, Jesse."

"Hata kadogo?"

"Hata kadogo."

Jesse alitazama chini muda mrefu. Makaburi ya wazazi yalikuwa yamebaki, upande mmoja, na isale zake. "Migomba je?" aliuliza. "Migomba itaota?"

"Itaota. Unaweza kulima. Mvua ikianza, ushuke."

Siku hizi Jesse na Elisifa wanakaa Njoro, kwenye vyumba vya nyuma. Elisifa amezoea, ana kibanda cha ndizi barabarani, na yeye na wifi yake wanagombana kuhusu chumvi kwenye mtori kama watu waliosameheana. Jesse hajazoea. Kila asubuhi anapanda kwenda kihambani, na kila jioni anarudi na jembe na viatu vyekundu. Eunike hamkatazi. Anafanya kazi zake, anasahihisha tasnifu za wanafunzi wanaomtumia bado, na saa tisa inapokaribia anatoka nje kutazama juu.

Juzi mlima ulifunikwa mapema. Mjini jua lilikuwa kali, lakini kule juu wingu jeusi lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kahawa, na mistari ya mvua ilionekana wazi. Eunike alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Elisifa alitoka jikoni, akasimama karibu naye getini, akipangusa mikono kwenye kanga.

"Hapokei?"

"Hapokei."

Mara ya tatu Jesse akapokea, upepo ukivuma ndani ya simu. "Niko njiani, dada. Nimeshavuka kanisa."

"Umevuka kweli?"

"Nimevuka."

Elisifa alirudi jikoni. Eunike alibaki getini, simu mkononi, mpaka alipomwona Jesse anakata kona.